Mdaiwa Asiyepatikana

Meneja wa ofisi moja ya mikopo karibu na soko la Suuq Mugdi aliniita kwa sababu ya mdaiwa sugu. "Fundi, huyu jamaa ana mkopo wa mbuzi, wa ngamia, wa duka la nguo na wa bodaboda. Kila nikimpigia, hapatikani. Wallahi ni tapeli wa kimataifa." Akanionyesha simu ya huyo tapeli kwenye kompyuta: 2147483647.

Sisi tunaoshinda na hifadhidata tunaijua nambari hiyo. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia katika safu ya aina ya INT kwenye MySQL. Simu ya Kenya ikiandikwa kwa kuanza na 254 ina tarakimu 12, kwa hiyo inapitiliza. MySQL ya siku hizi hugoma na kulalamika. Ile ya zamani, isipowekewa masharti makali, hunyamaza tu na kuandika nambari kubwa kuliko zote inazoziweza. Tapeli wa kimataifa alikuwa ni wateja wote kwa pamoja.

Nikaandika DESCRIBE, kisha jina la jedwali. Amri hiyo hukuorodheshea safu zote: jina la kila moja, aina ya data inayopokea, kama inaruhusiwa kubaki wazi. Mimi huona inamwanika aliyelitengeneza jedwali kuliko wasifu wake wa kuombea kazi. Huyu wa kwetu hakuwahi kulivuka daraja la Tana kuja upande huu wa Wasomali.

Safu ya "jina la ukoo" ilikuwa VARCHAR(8), na ni lazima ijazwe. Msomali ana jina lake, la babake na la babu yake, na ukimpa chai ya maziwa ya ngamia atakuendeleza hadi mababu ambao hata kaburi lao halijulikani. Jina la ukoo atalitoa wapi? Na herufi nane zinawatosha akina Otieno na Wanjiku. Abdirahman aliingia humo akatoka Abdirahm. Abdullahi alinyang'anywa herufi ya mwisho akawa Abdullah, ambaye ni mtu mwingine kabisa, tena yupo, tena anadaiwa.

Watu wa hapa hawachekei sana mambo ya kuandikwa pasipofaa. Wapo Wakenya waliopelekwa kambini Dadaab wakiwa watoto, wakati wa ukame, wakasajiliwa kama wakimbizi ili wapate chakula. Walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema wao si Wakenya.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa ya aina ya DATE, na ni lazima. Kwenye benchi alikuwepo mzee akisubiri zamu, mkongojo katikati ya magoti. Nikamwuliza, "Adeer, ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Yale ya El Niño?"

Akanitazama kwa huruma. "Hayo yaliwakuta watoto wangu. Nasema yale ya kabla ya uhuru."

Basi ni 1961. Karani alikuwa amemwandikia Januari mosi, kama alivyowaandikia wenzake wote, hivi kwamba ofisi ingetaka kuwapongeza wateja wake siku ya kuzaliwa ingemaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja. Mzee akaegemea meza, akakagua orodha yangu ya safu, akatoa ushauri: "Weka mbili tu. Mafuriko na ukame. Hakuna atakayekosa pa kuingia." Nimewahi kulipwa kutekeleza mipango mibovu kuliko huo.

Niligeuza safu ya simu ikawa ya herufi, nikapanua ya majina, nikaruhusu ile ya ukoo ibaki wazi. Hayo ni mambo ya dakika chache. Lakini nambari zilizopotea hazirudi kwa amri yoyote, ikabidi wateja waitwe mmoja mmoja waziandike upya. Waliokuwa wakingojea mkopo mpya walizitaja bila kuvuta pumzi. Waliokuwa na madeni, wote simu zilikuwa zimetumbukia Mto Tana.