Tatu na Nusu

Mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, mlango wa chumba changu uko wapi?" Nikamwonyesha tao. Tao zuri la mbao, limechongwa maua pembeni, refu kunizidi na pana kuizidi aibu yangu. Upande huu wa tao pana kitanda. Upande ule pana kochi linalofunguka likawa kitanda. Katikati, pale ambapo mafundi wa mataifa mengine huweka mlango, pana hewa safi ya Montréal. Mke wangu akakaa juu ya begi, akafungua pochi yake na kuanza kutafuta kitu ambacho najua hakikuwemo. Alikuwa anamsubiri mama yake aende kuoga ndipo aseme.

Wenye wakwe hawahitaji maelezo. Kuna sauti ambazo mtu na mama mkwe wake hukubaliana, bila kuandikiana, kwamba hazipo duniani. Kukoroma ni mojawapo. Nyingine sitazitaja hapa.

Na tangazo la nyumba tuliyokodi lilisema wazi: 3½, Plateau-Mont-Royal, karibu na metro. Tatu na nusu! Nilipiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeipiga akapata vema: chumba cha mama, chumba chetu, chumba cha akiba, na nusu ya kuwekea mabegi. Nilijisikia mkarimu kupita kiasi.

Kumbe Montréal hawahesabu vyumba vya kulala. Wanahesabu vyumba, basi. Jiko, moja. Sebule, mbili. Chumba cha kulala, tatu. Na ile nusu ni bafu na choo. Kwa hesabu hiyo 1½ ni chumba kimoja chenye jiko kwenye kona, 4½ ni nyumba ya vyumba viwili vya kulala, na mtu aliyejaliwa hupanda hivyo hivyo mpaka 6½, lakini nusu haimwachi. Jimbo zima la Québec linaishi hivi, watu wanapangisha, wanaoana na kupeana talaka kwa hizi nusu, na hakuna anayeshtuka. Nimejaribu kumfikiria aliyeketi siku ya kwanza akaamua kwamba choo ni nusu chumba. Alipima kwa nini? Kwa ukubwa? Kwa muda unaokaa humo? Maana katika ile nyumba yetu mlango uliokuwa na komeo ulikuwa wa choo peke yake. Jiko lilitazama sebule, sebule ilitazama kitanda, na ile nusu ndiyo pekee iliyostahili kuitwa chumba kizima.

Dalali wa kwetu Dar es Salaam atakudanganya kuhusu maji. Atakudanganya kuhusu majirani, na atakuambia kituo cha daladala kiko dakika tano, za ndege. Lakini akisema chumba na sebule, utakuta chumba na sebule, na akisema masta, choo kitakuwa ndani. Hajawahi kumpa mteja sehemu ya kumi, wala nusu.

Kabla ya tao kulikuwa na ngazi, na hapa naomba nafasi, maana tangu nizione sijaongea kingine.

Ngazi za Montréal ziko nje ya nyumba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 watu walimiminika kutoka mashambani kuja kufanya kazi viwandani, zikajengwa nyumba kwa safu, ghorofa mbili na tatu, familia moja juu ya nyingine. Katika mitaa mingi nyumba zilitakiwa zirudi nyuma kidogo ili mbele pabaki kibustani. Wenye nyumba wakapiga hesabu. Ngazi ikikaa ndani inakula nafasi ya kupangisha, tena inadai kupashwa joto baridi yote. Ikikaa nje inakula bustani tu, na bustani hailipi kodi. Ngazi ikatolewa nje. Lakini kibustani ni kifupi, na ngazi iliyonyooka ingemtua mpangaji katikati ya barabara. Basi wakaipinda. Ndiyo maana mitaa ya Plateau imejaa vyuma vinavyojizungusha mbele ya kila nyumba, na kila familia ina mlango wake mwenyewe wa kutokea. Baadaye jiji lenyewe likazipiga marufuku, kisha likazionea fahari na kuanza kuzilinda. Wageni huzipiga picha. Na huu ni mji wenye theluji na barafu miezi mingi ya mwaka, ambao ulitafakari kwa kina mahali pa kuweka ngazi za chuma ukachagua nje.

Sisi tulifika kiangazi, kwa hiyo barafu haikuwepo. Tatizo letu lilikuwa adabu. Vidato vya ngazi ile vina mianya; ukisimama chini unamwona aliye juu yako, chote alicho. Je, mkwe atangulie au afuate? Akitangulia, amempa mgongo mkubwa wake, na mama akiteleza hakuna wa kumdaka. Akifuata, yuko tayari kudaka, lakini akiinua macho tu amekwisha. Tulijadiliana pale chini kwa heshima kubwa, mama akisema "tangulia mwanangu," mimi nikisema "hapana mama, wewe kwanza," huku jirani akitusikiliza kutoka kwenye baraza lake na kahawa yake mkononi. Mke wangu akakata shauri: "Fuata. Fumba macho."

Nikafuata, nimefumba macho, begi la mama mkwe kichwani, kwenye ngazi inayozunguka. Ngazi ya kuzunguka ina tabia moja: upande wa ndani kidato ni chembamba sana, upande wa nje ni kipana. Mtu anayeona hujua ni upande gani aweke mguu. Nilipofika mahali ngazi inapogeuka, mimi sikugeuka. Begi lilipiga chuma, zipu ikakubali yaishe, na mali ya mama mkwe ikashuka mtaani: khanga doti kadhaa, dira, dawa ya kuchua magoti, na nguo ambazo mkwe hatakiwi kujua kwamba zinauzwa. Sikuziona. Nilikuwa nimefumba macho. Lakini jirani aliziona, akashuka, akaziokota moja moja, akazikunja vizuri na kumkabidhi mama kwa "Bonjour, madame." Mama mkwe, aliyefundisha Kifaransa sekondari mpaka akastaafu, akamshukuru kwa sentensi ndefu isiyo na kosa hata moja. Jirani akamsifu lafudhi. Mimi hakuna aliyenisifu.

Sasa, msidhani kwamba hapo ndipo tulipotaka kulala. Safari ilikuwa ya mama, na mama alikuwa na mpango wake: Île d'Orléans, kisiwa kilicho kwenye mto karibu na jiji la Québec, ambako mwimbaji Félix Leclerc aliishi mpaka kufa kwake mwaka 1988. Huko alikuwa amechagua gîte. Gîte ni nyumba ya mtu: mwenyeji anaishi humo, anapangisha vyumba visivyozidi vitano, na asubuhi anakuandalia chai yeye mwenyewe na kukuuliza umelalaje. Ukitaka kujua watu wa mahali wanavyoishi, hakuna hoteli inayoifikia. Ilikuwa nyumba ya mawe. Ilikuwa na milango. Mama aliandikiana na mwenye nyumba kwa Kifaransa mpaka wakawa wanaulizana hali za wajukuu.

Tuliikosa kwa sababu ya viza. Maombi yanakutaka ueleze safari yako, na kila mwenye uzoefu atakushauri uambatishe na mahali pa kulala. Kwa hiyo unachagua kitanda cha nchi ambayo bado haijaamua kama itakuruhusu ukikanyage. Chumba kinachorudishiwa pesa ni ghali. Cha bei rahisi pesa ikienda imekwenda. Nawe hujui jibu litatoka lini, basi unalipa ile ghali, tarehe ya kughairi inafika, ofisi iko kimya, unaghairi. Wiki inayofuata pasipoti inarudi na viza ndani, na kile chumba cha mawe amekwisha kukichukua mtu mwingine.

Viza ya kutembelea Kanada ni dola 100 za huko, na alama za vidole ni dola 85 juu yake. Mfaransa anayepanda ndege kwenda kuona utamaduni ule ule hujaza fomu ya dola 7 kwenye intaneti, mara nyingi akajibiwa kabla chai haijapoa. Mama mkwe amewafundisha watoto wa watu Kifaransa miaka na miaka, na chaki imemharibu kifua. Kifaransa hicho hakikumpunguzia foleni hata dakika moja. Vitabu vya safari vimejaa sura za "namna ya kuchagua mahali pa kulala". Vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaochagua. Sisi wengine hulala palipobaki, na palipobaki pana tao.

Mengine yalikuwa madogo. Mke wangu alitamani ile hoteli ya barafu ya Valcartier, lakini hujengwa upya kila majira ya baridi, na mwezi Juni ilikuwa maji. Kibanda cha sharubati ya mepo, ambako lita 40 za utomvu huchemshwa mpaka ibaki lita moja, tulikikuta kimefungwa tangu masika yao. Hoteli ya Château Frontenac jijini Québec, iliyofunguliwa mwaka 1893, tuliingia kuomba choo tu, na nusu yao ni kubwa kuliko tatu zetu. Katika monasteri ya watawa Waaugustino waliofika Québec mwaka 1639, ambayo sasa hupokea wageni, tulipata vyumba viwili vyenye kuta nene, nikalala usingizi wa mfalme. Asubuhi nikagundua kwamba kifungua kinywa huliwa kimya kimya, na niligundua hilo simu yangu ilipoanza kupiga singeli.

Tukarudi Montréal kwa ajili ya ndege, tukaangukia tarehe 1 Julai. Wakanada wengine siku hiyo husherehekea nchi yao. Montréal huhama. Zamani mikataba ya nyumba iliisha mwisho wa Aprili, lakini katika miaka ya 1970 serikali ya jimbo iliisogeza hadi mwisho wa Juni ili watoto wasihamishwe shule kabla ya mwaka kwisha. Matokeo yake nusu ya mtaa inahamia kwenye nyumba za nusu nyingine, siku moja, kwa ngazi zile zile za kuzunguka. Na kwa kuwa nyumba nyingi hupangishwa tupu, kila mtu anahama na friji yake.

Nilikuwa nimesimama barabarani na mabegi, nikisubiri teksi, na mtu mwenye mabegi tarehe 1 Julai ni mhamaji. Jirani yule aliyeokota khanga akaniita kwa bashasha, na kabla sijapata kitenzi nilikuwa nimeshika upande wa juu wa friji, nikipanda kinyumenyume, macho wazi, mama mkwe akinielekeza kwa Kifaransa kizuri ni kidato gani kinafuata. Desturi yao, aliyekusaidia kuhama humlipi fedha, unamlisha pizza. Nililipwa vipande vitatu. Kwa viza niliyokuwa nayo, mgeni haruhusiwi kufanya kazi, hivyo naomba habari hii isiwafikie wahusika.