Bwana Hapana Shaka

Juzi nimepata jina jipya, na sikulitaka. Nilikuwa Shimoni napimiwa changu kwa muuza samaki, mara wakapita kina mama wawili wa Kibuyuni, wakulima wa mwani, na ndoo zao kichwani. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika hadi gatini, "Eti, lori limefika?" Mwenzake akaitikia, "Hapana shaka!" Wakacheka mpaka wakashikana. Muuza samaki naye akacheka, wala bei hakunipunguzia.

Sababu ni mnunuzi wa mwani aliyetujia kutoka ng'ambo. Nikaombwa nitafsiri, nadhani kwa kuwa siku hiyo nilivaa shati la mikono mirefu. Mgeni akaushika mwani, akaupinda, akaunusa, kisha akatamka: "No doubt the lorry will be here by Friday." Nami nikawaambia kina mama, "Hapana shaka lori litakuwa hapa kufikia Ijumaa." Nitafutieni kosa hapo. "No" ni hapana, "doubt" ni shaka. Mwalimu yeyote angenipa vema.

Basi wakavuna. Asiyewahi kuingia majini na wanawake hawa hudhani kuvuna mwani ni kuchuma mchicha. Shamba lenyewe ni vigingi vilivyopigwa mchangani chini ya bahari, kamba zikavutwa baina yake, na kwenye kamba mbegu zikafungwa kishada kimoja kimoja. Kishada hukaa kama wiki sita ndipo kikomae. Kuvuna hungoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa sana. Hata hapo una saa chache tu kabla hayajajaa tena. Mwani mbichi ni mzigo wa maji: ukiubeba, chumvi inakutiririka mgongoni hadi visiginoni. Ukishafika juu unauanika kwenye chanja, unaugeuza, na jicho moja liko mawinguni, maana mvua ndiyo adui. Mwani ukinyeshewa chumvi inasuuzika, rangi inapauka, na bei inateremka. Yote haya ili mtu wa mbali apate ute wa kugandisha aiskrimu yake na dawa yake ya meno.

Kwa ajili ya hapana shaka yangu, walivuna hata ule ambao wangeuachia bamvua lijalo. Chanja zikajaa, mwingine ukaanikwa juu ya maturubai. Ijumaa ikapita. Jumamosi manyunyu. Jumapili mvua yenyewe, ya kushona.

Nikampigia simu mgeni. Alishangaa, tena kwa adabu sana. Yeye alisema "no doubt" tu, hakusema "certainly".

Usiku huo sikulala, nilikuwa nayapekua maneno ya watu. Kumbe Mwingereza akisema "no doubt" mara nyingi ana maana ya nadhani. Akisema "I'm sure he's coming", hajui. Anayejua husema tu kwamba mtu anakuja, akanyamaza. "Surely" ni swali lililovaa kanzu ya jibu. "Obviously" hutangulia jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Kila anapoliongeza neno la yakini, yakini yenyewe inapungua.

Na wenye Kiingereza wenyewe wanaumbuana kwa maneno haya. Mwaka 1951 majasusi wa Marekani waliandika ripoti kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia mwaka huo ni "serious possibility". Ofisa mmoja akamuuliza Sherman Kent wa CIA, aliyeshiriki kazi hiyo, maneno hayo yana uzito gani. Kent akajibu kwamba kwake ni kama 65 kwa 35. Muulizaji akashtuka, kwani alidhani ni kidogo zaidi. Kent akawageukia wenzake waliopitisha maneno hayohayo kwenye meza moja, akakuta mmoja anamaanisha 20 kwa 80 na mwingine 80 kwa 20. Vita vizima vimening'inia hapo! Mwaka 1964 akaandika makala na jedwali lake: "almost certain" iwe asilimia 93, ikizidi au kupungua 6, "probable" iwe 75, ikizidi au kupungua 12. Nililisoma jedwali lile kwa furaha ya mtu aliyepata shahidi. Mabaharia nao hawacheki na jambo hili. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 2001 misemo maalumu ya Kiingereza cha melini, na humo manahodha wanahimizwa wajiepushe na "may", "might" na "could", maana meli haiingii bandarini kwa labda.

Nikampelekea bi mkubwa mmoja wa mwani elimu yangu yote. Alikuwa anauanua uliopauka, akaninyooshea kishada kilichogeuka cheupe kama uzi. "Mwanangu," akasema, "sisi tungesema inshallah, na kila mtu angejua lori si letu." Sikuwa na jedwali la kumjibu.

Tangu hapo nayasikia maneno haya kila mahali. Kondakta wa Ukunda aliniapia "definitely" gari linafika Shimoni. Tukashushwa njia panda ya Kanana. Fundi wa simu alisema "hundred percent" itapona, haiwaki.

Hayo nacheka. La mwani silicheki. Lori lilikuja Jumatano, na mwani ulionyeshewa ukapimwa kwa bei ya chini. Aliyesema "no doubt" hakukatwa hata senti, wala hakuloa. Waliokatwa ni waliosimama majini hadi kiunoni kwa sababu mtu wa heshima alitoa neno. Kent alidai namba kwa ajili ya majasusi. Sioni kwa nini mwanamke wa Kibuyuni apewe adabu tu.

Kwa hiyo mnunuzi ajaye na aje na tarehe, bei ya kilo kwa maandishi, na namba ya simu ya dereva. Kiingereza chake akiache Diani, hotelini. Na mkalimani mtafute mwingine.