Ghera ya Kikima

Sifa njema ziwafikie mashabiki wa Everton wa soko la Kikima, Mbooni, ambao, Julai 2017, walighadhibika kwamba klabu yao, yenye heshima tangu 1878, ilitwezwa kwa kupangiwa Gor Mahia ya Kenya mjini Dar es Salaam katika mechi ya kirafiki ya kabla ya msimu. Hoja yao i wazi: mtu asiyeujua mji wa Liverpool ila kwa runinga ya kibandani ndiye mwenye ghera halisi ya kuikinga Everton na Wakenya. Tuyisenge wa Gor Mahia aliposawazisha bao la Rooney wa Everton, walinuna kwa adabu, mithili ya mabalozi waliotukanwa ugenini. Na Dowell wa Everton alipowaokoa kwa bao karibu na tamati, wakamhimidi Mungu kwamba taifa lao, alhasili, limerudishwa mahali pake.