Sifa za Ncha Isiyokubali Kufichwa

Miongoni mwa kasoro za kisu cha kukunja, yaani kisu ambacho bapa lake huzunguka kwenye pini na kulala ndani ya mpini, hakuna iliyosingiziwa mabaya kama ncha inayochomoza. Kisu kinapofungwa, bapa lote huingia mferejini kwa utii, isipokuwa milimita moja au mbili za mwisho, ambazo hubaki nje zikichungulia. Wenye visu huiita hali hiyo ubovu na kukimbilia tupa, ilhali ni adabu, tena adabu adimu, kwa kuwa ncha hiyo ndiyo sehemu pekee ya kisu inayotangaza hadharani kasoro yake.

Manufaa yake kwa jamii hayahitaji kutafutwa kwa taa. Mafundi cherehani hupata riziki kutokana na mifuko inayotoboka mahali pale pale. Mchomoaji wa mifuko hujibiwa kabla mwenye mali hajagutuka. Na mwenye kisu mwenyewe hujifunza kutotia mkono mfukoni pasipo kutafakari, nidhamu ambayo shule nyingi zimejaribu kuifundisha bila mafanikio. Wahenga waliosema kwamba kikulacho ki nguoni mwako hudhaniwa kuwa walikuwa wakionya juu ya jamaa na marafiki, lakini aliyekaa garini safari nzima na kisu cha namna hii huielewa methali hiyo kwa paja.

Ubora wa ncha hii hudhihirika zaidi pale inapolinganishwa na dawa yake. Karibu na pini, upande wa makali, bapa huwa na kinundu kisichonolewa, ambacho hapa kitaitwa kisigino. Kisu kinapofungwa, kisigino hutua juu ya springi iliyo mgongoni mwa mpini na kuyazuia makali yasiigonge. Kisigino kikiwa kirefu mno, ncha huinuka. Kwa kuwa kisigino kiko karibu na pini na ncha iko mbali nayo, kila kinachopungua kwenye kisigino huongezeka mara kadhaa nchani, kiasi kwamba kisigino kikiwa milimita 10 kutoka kwenye pini na ncha milimita 70, kukwangua milimita 0.2 tu huishusha ncha kwa milimita 1.4. Utamu wa hesabu hii ndio unaowaponza watu, kwa sababu makali nayo hushuka pamoja na ncha, na tupa ikipitishwa mara mbili tatu zaidi ya haja, makali hugonga springi kila kisu kinapofungwa kwa kishindo. Hapo kasoro haijaondolewa bali imehamishwa kutoka nje, ilikomchoma mtu waziwazi, ikapelekwa ndani, ambako makali hupata butu dogo linalometameta, na mwenye kisu hushinda akililaumu jiwe la kunolea.

Ipo pia ncha ambayo haikuzaliwa hivyo bali imepandishwa na kinoo. Bapa linaponolewa mara kwa mara upande wa makali, au ncha inapokatika kwa kufungulia kopo na kuchongwa upya upande huo huo, ncha mpya husogea kuelekea mgongo wa bapa, nao mgongo ndio unaobaki juu kisu kinapofungwa. Ncha ya namna hiyo ni kama daftari la mikopo la mwenye duka: kila kopo lililofunguliwa kwa kisu badala ya kifungulio limeandikwa humo.

Kati ya visu vya kukunja, kisu cha Okapi kinastahili kutajwa hapa kwa heshima ya pekee. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, na baadaye utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, aliyejificha vizuri hivi kwamba wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu, ingawa wenyeji wa msitu huo walikuwa wakimjua siku zote. Okapi yenye ncha iliyochomoza imelikana jina lake, na pengine huo ndio ujasiri wake.

Wasiosikia sifa hizi, wakashikilia kuifukia ncha, wana njia moja yenye staha, nayo ni kusaga mgongo badala ya kisigino. Mgongo huteremshwa polepole kwa jiwe au kwa msasa uliobandikwa ubaoni, mpaka ncha izame chini ya ukingo wa mpini, na makali hayaguswi kabisa. Mashine huharakisha kazi, lakini chuma chembamba kikipata joto hadi kugeuka buluu, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu wake huwa umekwisha kupungua, ndiyo maana bapa huchovywa majini kila mara. Anayeng'ang'ania kisigino, naye, hutandaza karatasi nyembamba juu ya springi na kufunga kisu. Karatasi ikitoka imekatwa, tupa imezidi, na chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudishwi. Mtu huyo hulazimika kubandika kipande cha ngozi ndani ya mfereji ili makali yasigonge, na bapa, likiinuliwa na ngozi hiyo, huitoa ncha nje tena.