Kwini Ninaye, Ushindi Sina

Jamani, nauliza tu. Ni nani aliyesema mtu akikosa pa kwenda hajafungwa? Maana hapa Ugalla, kwenye drafti yetu ya vizibo vya soda, sheria ni moja. Kete zako zikizibwa zote, kwisha habari yako. Unanyanyuka, mwenzako anakaa. Bao hivyo hivyo. Huna kete ya kucheza, pisha wengine. Hata Mwalimu Nyerere alivyopenda bao, sidhani kama aliwahi kumwambia mpinzani wake, pole ndugu, kwa kuwa huna pa kwenda, basi tugawane.

Chesi inagawana. Nusu wewe, nusu yeye. Nimeyaona kwa macho yangu, kijiwe kizima kikashuhudia, na sasa watoto wakinikuta dukani wananiita Mzee Nusu.

Chanzo ni mjomba wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha pili huko Mpanda mjini. Likizo hii kateremka kwenye treni na boksi la chesi kwapani. Ngome moja imepotea, tumeweka betri ya redio. Mtoto mwenyewe ana adabu, na hiyo ndiyo inayouma. Shikamoo mjomba. Samahani mjomba, nakula farasi wako. Pole mjomba, cheki. Mtu anakuvua nguo hadharani huku anakuamkia!

Nikasema hapana. Mimi mtu mzima, nimelima tumbaku, nimelina asali usiku porini, sinyolewi na mtoto. Nikachukua simu, nikapanda juu ya kichuguu maana ndiko mtandao uliko, nikaanza shule.

Kumbe chesi ina mianzo, na mianzo ina majina kuliko vitongoji vya kata hii. Kuna wa Kihispania, wa Kiitaliano, wa Kisisilia, wa Kifaransa. Wa Kinyamwezi hakuna. Wa Kikonongo hakuna. Nikachagua wa Kihispania kwa sababu una padre ndani yake. Ruy López, padre wa hukohuko Hispania, alitoa kitabu cha chesi mwaka 1561, na ushauri wake mmoja niliupenda papo hapo: weka ubao ili jua limpige mwenzako machoni. Padre huyo! Nikasema nimepata mwalimu.

Nikakariri. Askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Mwenzako anajibu vilevile. Farasi wangu atoke. Farasi wake atoke. Halafu askofu wangu anakwenda kumkodolea macho yule farasi. Nakariri shambani, nakariri kitandani. Mama watoto kasikia usiku kucha askofu, farasi, askofu, farasi, akaniuliza kama nimeanza ukatekista.

Siku ya mechi nikamkalisha mtoto akitazama jua la alasiri. Akatoa kofia mfukoni, akavaa. Mgongo wangu ndio ulioungua.

Nikasukuma askari, hatua mbili. Nikasubiri jibu la kitabuni. Mtoto akasogeza askari wa pembeni kabisa, yule wa mbele ya ngome, hatua moja tu. Nikabaki nimeshika farasi hewani. Hiyo haimo! Nikacheka kwa nguvu ili kijiwe kisikie. Nikamwambia mjomba, chesi haichezwi hivyo. Akasema, samahani mjomba, mwaka 1980 Mwingereza mmoja, Tony Miles, alijibu hivihivi akamfunga Karpov, na Karpov ndiye alikuwa bingwa wa dunia. Kijiwe kikacheka. Si upande wangu.

Nikaliwa farasi. Nikaliwa askofu, yule yule wa usiku kucha. Halafu, sijui ni huruma au nini, bibi yake akamwita akachote maji, na aliporudi akili ilibaki kisimani. Akamwacha kwini wake mbele ya betri yangu. Betri ikamla! Kijiwe kikalipuka. Tukalana, tukalana, mpaka ubao ukabaki mtupu. Yeye mfalme peke yake. Mimi mfalme na askari mmoja, na huyo askari akajikongoja mpaka mstari wa mwisho, akawa kwini.

Sasa hapo ndipo bando langu lilipokuwa limekatia. Shule yangu ilikuwa ya mianzo, mwisho hatujafika. Wajuzi wanasema kwini na mfalme wakisaidiana vizuri, mfalme mpweke hazidi hatua 10. Huyu wangu alinimalizia alasiri nzima. Nacheki, anahama. Nacheki, anahama. Watu wameenda kunywa chai wamerudi. Mtoto anahesabu kwa vidole chini ya benchi, maana zikitimia hatua 50 kila mmoja bila kuliwa kitu wala kusogezwa askari, anaruhusiwa kudai droo. Nikaona vidole vinamwishia, nikatoka jasho.

Mwishowe nikambana konani. Mfalme wake yuko kwenye pembe kabisa, nami nikamtua kwini wangu umbali wa mruko mmoja wa farasi. Mbele hawezi. Kando hawezi. Mshazari hawezi. Nikasimama. Nikanyoosha mikono. Nikaagiza soda za watu wote, kwa mkopo.

"Mjomba, samahani," mtoto akasema. "Hujanicheki."

Sijamcheki vipi na hana pa kukanyaga? Ndiyo hivyo hivyo, akasema. Mfalme hajashambuliwa, ila hana njia, na zamu ni yake. Inaitwa steilimeti. Ni droo. Kijiwe kikagawanyika. Watu wa drafti wakasema nimeshinda. Fundi baiskeli akasema sheria ni sheria. Mzee mmoja wa bao akashauri kesi iende baraza la kata. Soda zilikuwa zimeshafunguliwa.

Usiku mtoto akaja kunituliza. Eti Capablanca, yule Mcuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri watu wasome mwisho kabla ya mwanzo. Sasa hili unaniambia leo, nikiwa na deni la soda? Mama watoto naye kadakia. Kasema Phiona Mutesi wa Katwe, kule Kampala, alianza chesi kwa kufuata uji wa mwalimu Robert Katende, na mwaka 2010 akafika Olimpiadi ya chesi Urusi. Wewe uji unapewa kila asubuhi, na wa karanga.

Nimenyamaza. Ila wewe unayesoma hapa, kama una kitabu cha mwisho wa mchezo, hata kama kimechanika jalada, mpe mtu yeyote anayepanda treni ya Mpanda anishushie Ugalla. Kiwe cha Kiswahili na kiwe na picha. Cha mianzo usinitumie.