Mlima Ulioingia Kanisani Bila Hodi

Ukitaka kumwonyesha mgeni kanisa la kihistoria, usihangaike na viza ya Sicilia. Panda pikipiki hapa Mpofi, pita Masisi na Sake; ukimaliza kutoa matope masikioni, uko Goma. Hapo volkano ya Nyiragongo iliingia Kathedrali ya Mtakatifu Yosefu tarehe 17 Januari 2002, bila hodi wala maji ya baraka.

Watu wa Catania, huko Sicilia, nao walitembelewa na volkano yao, Etna, mwaka 1669, lava ikakumbatia monasteri ya Wabenedikto. Leo wanauza tikiti watu wakaitazame. Sisi yetu tuliigonga kwa nyundo, tukaipakia kwenye chukudu zetu za mbao, tukajengea nyua.

Baba mkubwa, niliyempeleka kuiona kathedrali hiyo ya Goma, alisimama juu ya jiwe jeusi, akavua kofia.

«Sadaka wanapokelea wapi?»

«Baba mkubwa, kanisa liliungua.»

«Najua. Mlima umekula paa, na kapu pia?»

Nikanyamaza. Akaokota kipande cha lava, akakipima mkononi, akasema hiki kitafaa kwa kusagia pilipili. Tukabeba viwili.