Kisu cha Mfukoni

Mabwana wa visu vya kukunja siku hizi hawanunui kisu, wanaposa. Chuma cha ukoo gani? Mpini wa titani? Kinafunguka kwa kidole kimoja? Opinel ya Ufaransa, iliyoanza 1890, mpini wa mti na pete ya kuzuia makali yasikurudie vidoleni, wanaiona ya kimaskini. Bwana ananunua cha bei ya mbuzi wawili, anakipaka mafuta, anakifuta kwa kitambaa cha miwani. Mwombe akumenyee chungwa uone: "Aa, asidi hiyo, itakiharibu!" Chungwa humenywa na muuzaji pale kituoni, kwa kisu kilichonolewa mpaka kikabaki nusu. Nawe ukinunua chako, kitoe mfukoni kabla ya uwanja wa ndege. Pale hakuna anayejali bei.